Gari Lisiloonya

Kwanza ulisikika mlio. Ulitoka nyuma ya ukuta wa matofali, mnene, ukipanda polepole kama mtu anayejikaza asilie halafu anashindwa. Sikio alikuwa bado nje ya geti, mkono mfukoni akitafuta kitambulisho chake cha kazi, na hakuhitaji kuona kitu. Gari la petroli. Gia ya tatu. Linazungukia kushoto, na tairi la nyuma upande wa kulia limepungua upepo kidogo.

Alipoingia uwanjani ndipo alipoliona: gari jeupe la wagonjwa, refu la kwenda juu, limeinamia ubavu kwenye duara la lami, likizunguka koni za plastiki kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

"Shikamoo, mzee," alisema fundi. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai mkononi.

"Marahaba. Tairi la nyuma kulia, liongeze upepo."

Fundi alitikisa kichwa akicheka. "Mama nyumbani analalamika anakuita mara tatu ndipo uitike. Upepo wa tairi, tena nyuma ya ukuta, huo unausikia."

"Mama nyumbani halii kama tairi."

"Salamu hizo nitazifikisha mwenyewe, na mlangoni nitasimama mbali."

Siku nyingine wangeendelea hivyo mpaka chai ipoe. Leo utani uliishia hapo, maana macho yao wote wawili yalikwenda upande mmoja, kwenye gari la pili lililoegeshwa kivulini. Hilo lilikuwa la umeme. Pacha wake, lililotoka kiwandani mwezi mmoja nalo, namba zao zikifuatana, lilikuwa kwenye yadi ya polisi, halina paa. Na aliyekuwa ameshika usukani wa pacha huyo alikuwa binti yake Sikio.

Jina la Sikio alipewa na madereva, na alilivaa kwa fahari kuliko koti lake la kazi. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mpimaji wa magari ya huduma ya wagonjwa. Hakuna gari lililonunuliwa kabla halijapita mikononi mwake, na hakupima kama wengine. Wengine walitazama mshale. Yeye alibandika karatasi ya gundi juu ya saa ya mwendo, akafungua dirisha upana wa vidole viwili, akasikiliza. Madereva wote wa huduma aliwafundisha hivyo hivyo. "Macho yana kazi ya barabara," aliwaambia. "Mwendo uusikie. Injini ikianza kunung'unika, umefika. Ikipiga kelele, umepitiliza. Tairi likilia, omba Mungu." Binti yake alijifunza akiwa na miaka kumi na tisa, na akawashinda wote. Baba akiendesha, yeye akiwa kiti cha pembeni amefumba macho, aliutaja mwendo bila kukosea zaidi ya kilomita mbili.

Wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, katika mvua ya manyunyu, binti huyo aliteremka mlima wa machimbo akiwa amembeba mwalimu wa shule ya msingi aliyevunjika mguu. Mguu tu, si kingine. Kwenye kona ya tatu gari liliacha barabara, likavunja kingo, likabiringika mara mbili. Mwalimu alikufa pale pale. Binti alivunjika nyonga sehemu mbili, na kuhusu mguu wake wa kushoto madaktari walikuwa bado wanazungumza kwa kuinamisha macho.

Kompyuta ya gari ilikutwa nzima. Ilisema kilomita sitini na nane kwa saa, mahali ambapo hakuna dereva mwenye akili angepita zaidi ya hamsini. Mkuu wa usafirishaji alikuwa ameshaandika taarifa yake: gari halina kasoro, dereva alizidisha mwendo. Kesho saa mbili asubuhi ingetiwa sahihi na kupelekwa kwa mwendesha mashtaka, na binti angetoka wodini kwenda kizimbani. Kitu kimoja tu kingeweza kuizuia, nacho ni jaribio la leo.

Gari la petroli lilisimama. Akashuka mhandisi, mwanamke kijana mwenye viatu vya raba na kalamu sikioni, aliyeletwa kutoka makao makuu kurudia vipimo. Mkuu wa usafirishaji naye alitoka kivulini, akijifuta jasho shingoni, ingawa hakuna mwingine aliyekuwa akitoka jasho asubuhi ile.

"Nimekuita kama mpimaji," alimwambia Sikio bila kumpa mkono. "Si kama baba. Tuelewane hapo."

"Tumeelewana, bosi."

"Vipimo vya kwanza ni vyako. Sahihi ni yako. Kama vina walakini, leo ndiyo siku ya kusema."

Sikio aliitikia kwa kichwa.

Vipimo hivyo alivifanya miezi saba nyuma, kwenye duara hili hili, magari mawili haya haya yakishindanishwa ili huduma ijue inunue lipi. Na ukweli ni kwamba la umeme lililishinda la petroli karibu kila mahali. Betri yake, nzito kama jiwe la kusagia, ilikuwa imelazwa chini ya sakafu, kwa hiyo kwenye kona gari halikulala. Liligeuka wima, kama mtu aliyejitwika mtungi. Lilikuwa na mota mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila moja iliongeza au kupunguza nguvu kabla dereva hajajua anataka nini. La petroli nalo lilivuta kwa magurudumu yote manne, lakini kwa vyuma na gia, kwa kuchelewa kidogo, na lilipozidiwa pua yake ilianza kutoka nje ya mstari huku likilala ubavu na kupiga mayowe. Kwenye duara kavu, la petroli liliishia hamsini na mbili. La umeme lilifika hamsini na nane. Kwenye kona za kupindapinda kati ya koni, la umeme lilitangulia kwa sekunde nzima na ushee, ingawa lilimzidi mwenzake kwa kilo mia sita. Sikio aliandika yote hayo kwa mwandiko wake wa kulala, bila kupunguza hata nukta, japo moyo wake ulikuwa upande wa petroli. Huduma ikaliacha hilo uwanjani kwa majaribio, ikanunua mengine kumi na matano ya umeme.

"Lami kavu nimemaliza jana," alisema mhandisi. "Namba zangu na zako zinafanana kama mapacha, mzee. Sasa tunamwaga maji."

Fundi alipanda kwenye boza, akalizungusha duara polepole, maji yakitoka nyuma kwa upana wa barabara. Lami ikawa nyeusi, ikang'aa. Mhandisi akarudi kwenye gari la petroli.

Kwenye thelathini na nane injini ilianza kunguruma kwa sauti ya chini. Kwenye arobaini na moja matairi yakaanza kunong'ona. Arobaini na mbili, gari likalala. Arobaini na tatu, likalalamika waziwazi, na mtu yeyote, hata asiyewahi kushika usukani, angeinua mguu. Kwenye arobaini na nne pua ilitoka nje ya koni, taratibu, kama mlevi anayetafuta mlango. Mhandisi akaachia mafuta, gari likarudi lenyewe.

"Muungwana," alisema fundi. "Anabisha hodi kabla ya kuanguka."

Ikaja zamu ya la umeme. Sikio alijikuta amepiga hatua mbili mbele.

Thelathini na nane, kimya. Ni mchirizi wa maji tu chini ya matairi. Arobaini na moja, kimya. Arobaini na nne, pale la petroli liliposhindwa, hili lilipita limenyooka, mwili wima. Arobaini na tano. Arobaini na sita. Sikio alifumba macho atafute kitu, mnong'ono, mkwaruzo, chochote, na hakukuta kitu. Arobaini na saba. Halafu koni nne zikaruka hewani kwa pamoja, na gari zima, mbele na nyuma, likahama kwa ubavu kama trei inayoteleza juu ya meza yenye sabuni, likaenda kusimama kwenye nyasi likitazama lilikotoka.

Mhandisi alikaa ndani kidogo kabla ya kufungua mlango. Halafu akatembea kuja kwao.

"Kwa namba, bado linashinda," alisema. "Arobaini na saba kwa arobaini na nne. Karatasini ni gari zuri zaidi. Lakini sikuhisi chochote, mzee. Chochote. Ni kama umekaa kwenye kochi sebuleni, halafu sebule inaondoka." Akafungua kishikizo cha karatasi. "Na fomu yenu haina hata mahali pa kuliandika hilo. Nimeona fomu za zamani zina safu imeandikwa Onyo: gari linaanza kumwambia dereva mapema kiasi gani. Nani aliiondoa?"

"Mimi," alisema Sikio.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila gari linasema." Alijisikia akizungumza kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. "Miaka yote ile niliandika neno moja: linasema, linasema, linasema. Nikaona ni kupoteza wino. Nikasema, gari lipi lisilosema? Wakacheka, wakaiondoa."

Mkuu wa usafirishaji alikohoa. Mhandisi hakumtazama. "Nijibu moja, basi niandike. Siku ile ulipolipima kwenye maji, wewe mwenyewe, lilikufanyia hivi?"

Sasa ndiyo ilikuwa saa yenyewe.

Lilimfanyia. Mzunguko wa tatu, mchana, fundi akiwa amegeuka kufunga bomba la boza. Alikuwa amebandika karatasi yake juu ya saa ya mwendo, dirisha wazi, anasikiliza, akasubiri mnung'uniko ambao haukuja, akaongeza mguu, akasubiri, na ghafla dunia ikazunguka na koni tatu zikalala. Lakini Sikio hakusema moyoni, gari hili halisemi. Alisema, mimi sisikii. Alikaa ndani ya gari lile, akamkumbuka baba yake aliyezeeka kiziwi, aliyekuwa akicheka pale wengine wanapocheka ili asionekane, na akaona hatima yake imeketi kiti cha pembeni: dawati, mihuri, na madereva wakimwita Sikio kwa kejeli. Fundi alipogeuka na kuuliza kulikoni koni zimelala, alimjibu, "Upepo." Akazisimamisha kwa mikono yake mwenyewe. Kwenye fomu akaandika namba za mizunguko miwili iliyopita salama, na ya tatu akaikadiria.

Na si hilo tu lililomkaa kooni. Wiki tatu baadaye, kwa siri, bila hata mkewe kujua, alikwenda kupima masikio. Walimfungia kwenye kijichumba, wakamvisha visikizio, wakampa kitufe abonyeze kila asikiapo mlio. Mpimaji alipofungua mlango alikuwa anatabasamu. "Mzee, haya ni masikio ya kijana wa miaka ishirini." Sikio alitoka pale akitembea kama anayeelea. Alinunua kreti nzima ya soda, akawanywesha karakana yote, na walipomuuliza sherehe ya nini akasema, "Uhai." Kumbe pale pale, soda ikiwa mkononi, jibu lilikuwa limesimama mbele yake. Kama sikio ni zima, basi siku ile nani alikuwa kimya? Hakujiuliza. Furaha ilimziba kuliko uziwi wowote. Gari la kwanza la umeme lilipewa dereva bora zaidi wa huduma, na dereva huyo alifundishwa na yeye kuusikia mwendo.

"Mzee?" alisema mhandisi.

Angeweza kusema. Neno lilikuwa fupi. Lakini mkuu alikuwa amesimama pale na tumbo lake, na fundi pale na bomba lake, na miaka ishirini na mitatu ilikuwa imesimama nyuma yake yote, ikimwangalia kisogoni. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Hapana."

Mhandisi alimsogelea. "Hapana kabisa?"

"Lilishika vizuri. Namba ziko pale."

"Basi." Mkuu alipiga makofi mara moja, kama anayefunga kitabu. "Umesikia, mhandisi. Mpimaji mwenye uzoefu alilisukuma mpaka mwisho na halikumtupa. Wewe leo umelifikisha mwisho likakutupa, ni sawa, kila gari lina mwisho wake. Swali ni nani aliyelifikisha huko akiwa na mgonjwa nyuma. Nakupa pole kama mzazi, Sikio. Kama mpimaji, ahsante."

"Nitaandika mstari mmoja kuhusu onyo," alisema mhandisi kwa sauti ndogo. "Lakini kama mtu wa miaka ishirini kazini hakuona kitu, wa siku moja atasema nini?" Akaondoa kalamu sikioni, akaandika, na mstari kweli ulikuwa mmoja.

Walipoondoka, Sikio alibaki akiokota koni. Alizipanga moja ndani ya nyingine, polepole, asifike mwisho. Kivuli cha fundi kikamfikia kabla ya fundi.

"Mzee. Siku ile hakukuwa na upepo."

Sikio aliendelea kupanga koni.

"Nilizikuta alama za matairi kwenye maji. Nikasema moyoni, mzee wangu anaficha kitu kidogo, nami nimfichie, ameshanifichia mengi. Nilidhani unalinda kazi yako." Fundi alisogea mpaka mbele yake. "Leo pia nilinyamaza, nikasema hawezi, huyu ni mtoto wake, atasema tu. Umesimama pale ukamzika akiwa hai."

"Unadhani silijui hilo?"

"Sijui unajua nini. Mimi ni mtu wa spana." Fundi alimpokonya koni mkononi. "Nenda wodini. Saa ya kuona wagonjwa inakaribia. Na sitaki kunywa chai na wewe kesho, nisamehe."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake Sikio kutembea njia ile bila kusikia kitu. Magari yalimpita, honi zilimpigia, mtu mmoja akamtukana kwa kukatiza barabara bila kutazama, na yote yalikuwa kama yanatokea ndani ya maji.

Mkewe alikuwa anatoka wodini, chupa ya uji kwapani na nguo chafu kwenye mfuko. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ameandika barua," alisema. "Nimemkataza, hasikii. Anasema anakubali makosa yote. Ongea naye wewe, baba yake, wewe anakusikiliza." Akamshika mkono wa shati. "Jaribio limekwendaje?"

"Limekwisha."

"Sijakuuliza kama limekwisha."

Mwanamke aliyeishi naye miaka thelathini alimsoma usoni, akaachia shati, akaketi kwenye benchi la korido, mfuko wa nguo mapajani, kana kwamba hana tena pa kwenda.

Binti alikuwa kitanda cha mwisho, dirishani. Chuma cha kushikilia mifupa kilimtoka nyongani pande mbili kikashikana juu yake, na shuka lilitundikwa juu ya chuma kama hema. Nywele zake mama yake alikuwa amezisuka upya. Juu ya kabati kulikuwa na karatasi moja iliyokunjwa.

"Umekuja na vumbi la uwanjani," alisema. "Nalinusa."

"Pole, mama."

"Usinipe pole. Keti." Alisubiri kiti kiache kukwaruza. "Umeshakutana na mama hapo nje, amekwambia. Nimeandika kwa sababu nimechoka, baba. Siku kumi na nne nimelala hapa nairudia kona ile, na kila nikiirudia inakuwa ile ile."

"Iseme."

"Nililisikiliza lile gari. Kama ulivyonifundisha. Mwalimu nyuma kule ananihadithia mwanafunzi wake aliyeandika kwenye mtihani kwamba mwezi ni jua lililopoa, tunacheka, na mimi nasikiliza. Hakuna kitu. Nikasema, injini haijanung'unika, niko taratibu. Sikutazama saa ya mwendo. Wewe ulisema kutazama mshale ni kazi ya makarani." Alitabasamu kidogo, na lile tabasamu lilimkata Sikio kuliko kisu. "Hakuna kitu, hakuna kitu, halafu hakuna barabara. Sasa nimefahamu. Sikio langu limekufa, baba. Limekufa na sikujua, nikaendelea kubeba watu. Ndiyo maana nimeandika uzembe. Ni uzembe."

Sikio alikisogeza kiti karibu na kitanda.

"Kwa maana gari wewe ulilipima," aliendelea binti. "Kama lingekuwa na kitu, ungekisikia. Ungekisikia ungeniambia."

Kitanda cha jirani mgonjwa aligeuka, springi zikalia. Mhudumu alipita na ndoo. Sikio alizihesabu hatua zake mpaka zikaisha, halafu hakubakiwa na kitu kingine cha kuhesabu.

"Sikio lako zima," alisema.

"Baba, usinibembeleze."

"Sikio lako zima. Gari lile halisemi. Likiwa kwenye maji halisemi kabisa, linashika, linashika, linakutupa. Pacha wake lilinitupa mimi. Mzunguko wa tatu." Alisema yote akitazama sakafu: koni, upepo, namba aliyoikadiria, kijichumba cha kupimia masikio. Aliisema na ile safu aliyoifuta kwenye fomu. Aliisema na asubuhi ya leo, na neno alilolisema mhandisi alipomuuliza. Hakujitetea mahali popote, si kwa ujasiri, ila alitafuta utetezi na hakuuona.

Alipomaliza, wodi ilikuwa vile vile. Binti alikuwa anatazama dari.

"Ile soda," alisema hatimaye. "Mimi pia nilikunywa."

"Najua."

"Nilikunywa mbili. Nilisema baba yangu leo ana raha, sijui amepata nini."

"Najua, mwanangu."

"Usiniite hivyo." Midomo ilimtetemeka, akaiuma mpaka ikatulia. "Mtoto mkubwa wa mwalimu alikuja hapa juzi. Ana miaka kumi na minne. Alisimama hapo ulipokaa. Hakunitukana, baba, afadhali angenitukana. Aliniuliza kama baba yake aliumia muda mrefu. Nikamwambia hapana, alikuwa anacheka. Halafu nikamwomba msamaha kwa kutosikia. Mtoto wa watu akanijibu, si kitu, dada, hata babu yangu hasikii."

Hapo ndipo alipolia. Hakuweza kujikunja wala kugeuka, chuma kilimzuia, kwa hiyo alilia akiwa chali, machozi yakienda masikioni. Sikio aliinuka amfute, na mkono wa binti ukamzuia, si kwa nguvu, kwa kiganja kilichofunguliwa tu.

"Mguu huu wamesema hautarudi," alisema alipoweza. "Waliniambia leo. Mama hajui. Kwa hiyo hata ukisema, huniletei mguu. Mwalimu humleti. Watakupeleka mahakamani wewe badala yangu, mama atakuwa peke yake na kilema. Magari kumi na manne yako barabarani sasa hivi na wenzangu wote wanayasikiliza. Wote uliwafundisha. Umelifikiria hilo?"

Hakuwa amelifikiria. Lilimshukia pale kwa uzito wote: madereva kumi na wanne, madirisha wazi vidole viwili, kila mmoja akingoja mnung'uniko usiokuja. Nje ya dirisha wingu lilikuwa limeshuka, na vioo vilikuwa vimeanza kupata madoa ya maji.

Alichukua ile karatasi iliyokunjwa juu ya kabati. Hakuichana. Aliiweka chini ya mkono wa binti, aamue mwenyewe.

"Utasema?" aliuliza binti, bado anatazama dari. "Au kesho mdomo utajisemea tena wenyewe?"

Sikio alipiga magoti kando ya kitanda, na uso wake ukawa sawa na sikio la mwanawe.

"Sasa hivi nikitoka hapa nakwenda karakana," alisema kwa sauti, wodi nzima ikamsikia, "nawapigia simu madereva wote mmoja mmoja, kwa majina yao, wasimamishe magari yale, wasiondoke mpaka mvua ikatike. Kesho saa mbili nitakuwa mlangoni kabla ya mkuu, nitasema mbele yake na mbele ya mhandisi kwamba nililijua na nikaficha, na niandike kwa mkono wangu. Nikitoka huko, kama wataniacha nitoke, nakwenda kwa yule mtoto wa mwalimu. Nitamwambia yule dada alisikia vizuri. Nitamwambia mimi ni nani. Sikuombi unisamehe. Nakuahidi tu, mama, unasikia? Nakuahidi."